Ngaahika Ndeenda: Miaka Arobaini na Mitano Kutoka Kamiriithu Hadi Jumba la Taifa

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi huijua tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda kama kitabu. Hukifungua kitabu hicho, wakaandika dhamira upande mmoja na wahusika upande wa pili, kisha wakahitimisha kwamba waandishi wanazungumzia usaliti wa uhuru. Majibu hayo si makosa. Hata hivyo, yanaliacha nje swali kubwa zaidi: tamthilia hii ilichezwa wapi, ikachezwa na nani, mbele ya nani, na kwa nini serikali iliiogopa kiasi cha kuizima?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya uigizaji wa tamthilia hiyo, iliyoandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o akishirikiana na Ngũgĩ wa Mirii chini ya anwani Ngaahika Ndeenda. Tunadai kwamba historia ya jukwaani ni sehemu ya maana ya tamthilia yenyewe, na kwamba mwalimu anayeiacha nje huwafundisha wanafunzi wake nusu ya kazi. Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, suala hili lina uzito wa pekee, kama tutakavyoona.

Kisa kwa ufupi

Kiguunda ni kibarua wa shamba. Mali yake ni ekari moja na nusu ya ardhi, na hatimiliki yake ameiweka ndani ya fremu ukutani. Mkewe ni Wangeci, na binti yao ni Gathoni, ambaye ana uhusiano na John Muhuuni, mtoto wa tajiri Ahab Kioi wa Kanoru. Kioi na mkewe Jezebel wanapokuja kuwatembelea, wazazi wa Gathoni wanadhani wamekuja kwa shauri la posa. Kumbe wamekuja kuwahimiza wabatizwe na wafunge ndoa ya kanisani. Kiguunda anaweka rehani hatimiliki yake benki ili apate pesa za harusi. Baadaye Gathoni anapata mimba na John anamkana. Kiguunda anakwenda kwa Kioi kudai haki, anaishia kutishwa kwa bunduki. Anafutwa kazi, mkopo unadaiwa, na ardhi yake inaangukia mikononi mwa Kioi na washirika wake, ambao wanataka kujenga kiwanda kwa ubia na wageni.

Pembeni yupo jirani, Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, pamoja na mkewe Njooki. Hawa wawili ndio wanaoeleza kwa maneno kile ambacho Kiguunda anakifahamu kwa maumivu tu: kwamba waliopigania uhuru hawakuula, na walioula hawakuupigania.

Kizazi kinachoonyeshwa hapa ni cha watu wazima waliopita katika miaka ya Hali ya Hatari, wakaahidiwa ardhi, na miaka kumi na minne baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakawa bado wanalima ya wenzao. Ahadi ni deni, na tamthilia hii ni hati ya kulidai.

Kabla ya Kamiriithu

Historia ya tamthilia hii ina mizizi yake hapa Kampala. Mnamo Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Uganda, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit katika Jumba la Taifa la Maigizo. Mwandishi alikuwa Ngũgĩ, wakati huo mwanafunzi hapo Makerere. Remi, mhusika mkuu, ni msomi wa kwanza wa kabila lake. Anaikimbia jamii yake, akajificha mjini. Hapo tayari kuna kijana aliyevunjika moyo, lakini uvunjikaji wake ni wa msomi, na lugha yake ni Kiingereza. Mama mzee wa kijijini naye anazungumza Kiingereza kilichonyooka, jambo ambalo Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulihoji baadaye.

Hatua ya pili ni Nairobi, Oktoba 1976. Tamthilia mbili, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilitayarishwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mwanzoni mwa mwaka 1977. Jumba la Taifa la Maigizo la Kenya, ambalo lilifunguliwa mwaka 1952 enzi za ukoloni, lilizipa siku chache tu, huku nafasi nyingine zikiwa zimetengewa maonyesho ya wageni. Watu walifurika, lakini funzo lilibaki: nchi ilikuwa huru, jukwaa lake bado.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka huohuo wa 1977 Uganda ilimpoteza Byron Kawadwa, mwandishi wa Oluyimba lwa Wankoko na kiongozi wa sanaa katika Jumba letu la Taifa. Aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya kurejea kutoka tamasha hilohilo la Lagos. Tukiyaweka matukio haya pamoja, tunaona kwamba tamthilia katika lugha za wananchi ilikuwa jambo la kufa na kupona pande zote mbili za mpaka.

Mazoezi ya hadharani

Kamiriithu ni kijiji kilichopo Limuru, kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi. Kilianzishwa miaka ya 1950 na serikali ya kikoloni kama kijiji cha Hali ya Hatari, ili kuwatenga wananchi na wapiganaji wa msituni. Baada ya uhuru kilibaki kuwa makazi ya vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu.

Mwanzoni mwa mwaka 1976, mwanamke mmoja wa kijiji hicho alimwendea Ngũgĩ nyumbani, akamwuliza kwa nini wasomi hawawapi wanakijiji sehemu ya elimu yao. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili hadi akakubaliwa. Kazi ya kwanza haikuwa maigizo bali kisomo cha watu wazima, ambacho kilisimamiwa na Ngũgĩ wa Mirii, mtaalamu wa elimu ya watu wazima katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, kundi la kwanza lilikuwa limejua kusoma na kuandika, na ndipo kituo kikawaagiza Ngũgĩ wawili waandike mchezo. Muhtasari wa kwanza ulikuwa tayari Aprili 1977.

Kilichofuata ndicho kinachoitofautisha tamthilia hii na nyingi tunazozisoma. Muswada ulisomwa hadharani, na wenye lugha wakaurekebisha. Wazee walisema wazi kwamba mzee hazungumzi namna ile, au kwamba methali fulani haitumiwi mahali pale. Mama mmoja mzee asiyejua kusoma ndiye aliyetoa kwa kinywa chake mfuatano wa nyimbo za gitiiro zilizotumiwa katika onyesho la arusi. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kwa undani jinsi kazi yao inavyokwenda na faida inakokwenda. Wale waliowahi kuwatengenezea wapiganaji bunduki ndio waliochonga bunduki za mchezo.

Mazoezi yalianza Juni 1977 chini ya uongozi wa Kimani Gecau, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yalifanyika katika uwanja wazi, na yeyote aliyepita njiani angeweza kusimama, kutazama na kutoa maoni. Wakati huohuo wanakijiji walikuwa wakijenga ukumbi wao usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, ambao mfano wake walikuwa wameuunda kwanza kwa njiti za kiberiti.

Ni wazi kwamba onyesho la kwanza lilipofika, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa watazamaji walikuwa wanaujua mchezo kwa moyo. Walikuja kuona kazi yao. Inasimuliwa kwamba siku moja mvua ilikatiza onyesho mara tatu, na mara zote tatu watu walijibanza pembeni, kisha wakarudi kukaa na waigizaji wakaendelea walipoachia.

Leseni, kizuizi na tingatinga

Tarehe 16 Novemba 1977, baada ya wiki sita na ushei, leseni ya maonyesho iliondolewa kwa sababu zilizoitwa za usalama wa umma. Sheria za kudhibiti mikusanyiko zilikuwa zimerithiwa kutoka kwa wakoloni, na ndizo zilizotumika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, Ngũgĩ alikamatwa. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti hadi tarehe 12 Desemba 1978, na akiwa humo aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za msalani. Hakurudishiwa kazi yake chuoni.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Ngũgĩ alikuwa ameandika riwaya na tamthilia kwa Kiingereza kwa miaka kumi na mitano. Petals of Blood, riwaya kali yenye shutuma zilezile dhidi ya matajiri wapya, ilizinduliwa mwaka huohuo wa 1977, tena waziri akihudhuria. Haikupigwa marufuku. Kilichobadilika kati ya riwaya hiyo na mchezo wa Kamiriithu si ujumbe. Ni lugha, mahali na watu waliousema ujumbe huo. Mhakiki anayetafuta siasa ya tamthilia katika maneno ya wahusika peke yake hataweza kueleza kwa nini kimoja kiliachwa na kingine kikazimwa.

Kituo hakikufa mara moja. Mwaka 1981 na mwanzoni mwa 1982 kilitayarisha mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, kuhusu sheria dhalimu za kazi wakati wa ukoloni. Ulipangwa kufunguliwa katika Jumba la Taifa tarehe 19 Februari 1982. Siku hiyo waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Walihamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakafika kuyatazama mpaka nako wakazuiwa. Machi 1982 usajili wa kituo ulifutwa, na tarehe 12 mwezi huo polisi walifika Kamiriithu wakaubomoa ukumbi. Baadaye mwaka huo Ngũgĩ alianza maisha ya uhamishoni. Ngũgĩ wa Mirii alihamia Zimbabwe, akaendelea na maigizo ya kijamii huko hadi alipofariki mwaka 2008.

Kitabu, na kurudi jukwaani

Huku jukwaa likiwa limefungwa, kitabu kilitoka. Ngaahika Ndeenda ilichapishwa mwaka 1980, na nakala za toleo la kwanza zikaisha upesi. Mwaka 1982 zikafuata tafsiri ya Kiingereza, I Will Marry When I Want, na ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Yaani tamthilia hii iliwafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka uleule ambao ukumbi wake ulibomolewa. Tangu hapo wengi wetu tumeijua kama kitabu kwa sababu ililazimishwa kuwa kitabu.

Mei 2022 ilirudi. Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwongozaji Stuart Nash, iliiigiza katika Jumba la Taifa la Maigizo, maonyesho mengine yakiwa kwa Kigikuyu na mengine kwa Kiingereza. Jumba lililomfungia Ngũgĩ milango mwaka 1982 sasa lilimfungulia. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, akiwa ameuona mchezo wake ukirejea katika mji mkuu wa nchi yake.

Ni jambo la kushangilia, lakini mhakiki hana budi kuuliza: uliorudi ni mchezo ule ule? Maneno ni yaleyale. Lakini mwaka 1977 waigizaji walikuwa vibarua na wakulima waliojiigiza wenyewe, na mwaka 2022 walikuwa waigizaji wa fani. Ukumbi wa kwanza ulijengwa na watazamaji wake, wa pili ulijengwa na serikali ya kikoloni. Wala hapakuwa na ofisa wa kuondoa leseni. Kwa maoni yetu, kuruhusiwa huko kuna sura mbili. Kunaonyesha kwamba uhuru wa kujieleza umepanuka nchini Kenya, na ni vyema ukumbukwe na kutunzwa. Lakini vilevile kunadokeza kwamba mchezo ukitolewa mikononi mwa wenye nao, ukakaa juu ya jukwaa la mji, makali yake hupungua. Kiguunda anaweza kupigiwa makofi na watu wanaomwajiri Kiguunda mwingine nyumbani.

Tathmini

Historia hii inatusaidia kuyapima upya mambo mawili ambayo wasomaji hulalamikia.

Kwanza ni hotuba ndefu za Gicaamba. Ukizisoma kitabuni zinachosha. Anahubiri, wengine wanamsikiliza, na kitendo kinasimama. Lawama hiyo ina haki yake, na hatuoni sababu ya kuwaficha wanafunzi udhaifu huo. Hata hivyo, hotuba hizo ziliundwa katika mazoezi ambamo wafanyakazi walikuwa wakisimulia hali zao, na zilisemwa mbele ya watu waliozijua takwimu za mishahara yao kuliko mwandishi. Kinachosomeka kama mahubiri kitabuni kilikuwa karibu na baraza kijijini. Ndiyo maana mwongozaji wa leo anapaswa kuamua: ama azipunguze, ama atafute njia ya kuirudisha hadhira katika mazungumzo. Kuziacha zilivyo mbele ya hadhira iliyokaa kimya gizani ni kuupoteza mchezo.

Pili ni Gathoni. Anwani inamtaja yeye, au angalau inasema sauti ya mtu mwenye hiari ya kuolewa au kutoolewa. Lakini Gathoni hana hiari hiyo. Anakanwa na John, anafukuzwa na baba yake, anaishia kuhudumu kwenye baa. Wazazi wake wanarudi mwishoni kwenye mapambano, yeye hapewi nafasi ya kufikiri kwa sauti. Hapa tunadhani mazoezi ya hadharani, pamoja na ubora wake wote, hayakufika mbali vya kutosha. Kituo kiliinuliwa na wanawake kwa kiasi kikubwa, na ni mwanamke aliyekwenda kumwamsha msomi, lakini kijana wa kike ndani ya mchezo alibaki ushahidi wa dhuluma tu. Wanafunzi wakiigiza mchezo huu, wangefanya vyema kuuliza Gathoni angesema nini kama angepewa hotuba moja ya Gicaamba.

Ulinganisho na Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1971, unafaa pia. Juma na Kitaru ni wanafunzi wa chuo kikuu, na machungu yao yanageuka mchezo wa shetani na binadamu, ndoto na ugonjwa. Hussein anaonyesha kwa ustadi mkubwa jinsi kizazi cha wasomi kinavyovunjika ndani kwa ndani. Kamiriithu inaonyesha waliovunjwa na watu wenye majina na anwani. Katika Mashetani ni vigumu kumpata adui, kwa sababu yumo ndani ya nafsi na ndani ya urafiki. Katika Ngaahika Ndeenda adui anabisha hodi, anakaribishwa kiti, anakunywa chai. Kisanaa Mashetani ina kina zaidi, na hatusiti kulisema hilo. Lakini ni tamthilia inayodai hadhira iliyosoma, na hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Kiswahili na sisi

Turudi nyumbani. Kamiriithu ilifaulu kwa sababu lugha ya mchezo ilikuwa lugha ya jikoni, ya shambani na ya ugomvi wa mkutano wa kijiji. Je, hapa Uganda Kiswahili kinaweza kufanya kazi hiyo? Wapo watakaosema hapana. Kwa wazee wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, na tangazo la Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukiongezea mapenzi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini lugha haipendwi kwa amri.

Jibu letu ni kwamba swali hilo halijibiwi kwa mjadala bali kwa mazoezi. Nitaolewa Nikipenda ipo tayari kwa Kiswahili. Tunapendekeza darasa la tamthilia liichukue si kwa kuikariri bali kwa kuipeleka nje: kwa wachuuzi sokoni, kwa madereva wa boda boda, kwa walinzi wa mabweni, wengi wao wakiwa na Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, Kinyankole au Kiluo. Wasomewe onyesho moja. Waulizwe kama dalali wa ardhi huzungumza hivi, kama mkopo wa benki huja namna hii, kama tajiri akija kwa maskini huanza na dini au na hali ya hewa. Yale watakayoyasahihisha yaandikwe. Makerere ilikuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka miji na vijiji katika miaka ya 1960, kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Kiswahili kitakachotoka katika zoezi hilo hakitakuwa sanifu kila mahali, na baadhi yetu walimu kitatukera masikioni. Kitakuwa, hata hivyo, Kiswahili kilichosemwa na mwenye neno la kusema. Wanakijiji wa Kamiriithu waliwasahihisha Ngũgĩ wawili lugha yao wenyewe ya kuzaliwa, na mchezo ukawa bora. Sisi ambao tuna kalamu nyekundu mkononi mchana kutwa tunaweza kuiweka chini kwa saa mbili, tukasikiliza.